Ramani ya vipande na majina ya mahali: zoezi la etimolojia

1. Chombo chenyewe

Katika miaka ya 1760, John Spilsbury, mchongaji wa ramani mjini London, alibandika ramani juu ya ubao mwembamba, akaukata kwa msumeno akifuata mipaka ya nchi. Mtoto alijifunza jiografia kwa kurudisha kila nchi mahali pake. Siku hizi ramani za kale za dunia huuzwa kama mchezo wa aina hiyo, lakini vipande vyake hukatwa kwa mawimbi, bila kujali mpaka wala bahari. Mkato hupita hata katikati ya jina. Hapo ndipo mwanaisimu anapopata kazi: jina limevunjika, naye aulize kama limevunjikia kwenye mpaka wa mofimu.

2. Majina matatu

Nachukua majina yanayoonekana katika ramani nyingi za Ulaya za karne ya 16 na ya 17.

(a) Manicongo. Wachoraji waliliandika kama jina la nchi, kumbe ni cheo: mani (mwene), yaani mtawala, wa Kongo.

(b) Monomotapa. Jina hili liko mbali na la kwanza, upande wa Zimbabwe na Msumbiji ya leo. Mwanafunzi aliyezoea maneno ya Kifaransa kama monologue na monopole ataona hapa kiambishi cha Kigiriki chenye maana ya «moja». Atapotea. Jina linatokana na Mwene Mutapa, cheo cha mfalme. Mono- hii na mani- ya Manicongo ni ndugu, na Kiswahili kina jamaa zao: mwenye na mwinyi.

(c) Zanguebar, pwani ya Afrika Mashariki. Hapa mzizi si wa Kibantu. Ni Zanj, jina ambalo Waarabu waliwaitia watu wa pwani hiyo, pamoja na bar, yaani pwani au nchi. Zanzibar imebaki na jina hilo hadi leo.

3. Kinachofundishwa

Vipande vya (a) na (b) havigusani mezani, lakini maneno yake yanagusana. Ndiyo sababu naona ramani iliyokatwa kwa mipaka, kama ile ya Spilsbury, haimtoshi mwanafunzi wa lugha. Ukikata Afrika ya leo kwa njia hiyo, Kikongo kitagawanyika katika vipande vitatu: Kongo-Kinshasa, Kongo-Brazzaville na Angola. Kiswahili chetu cha mashariki nacho kitatengwa na kile cha Burundi na Tanzania. Mtoto ataamini kwamba lugha huishia pale msumeno ulipopita.

4. Zoezi kwa darasa

Napendekeza hatua tatu. Kwanza, wanafunzi waunganishe ramani na kunakili majina yote ya Afrika jinsi yalivyoandikwa. Pili, wayagawe katika mofimu, wakitaja lugha ya kila sehemu. Tatu, waeleze jina lilipitia mdomo wa nani kabla ya kufika kwa mchoraji. Waanze na Zaire: ni nzadi ya Kikongo, «mto», iliyopita katika matamshi ya Kireno, ikarudi kwetu kuwa jina la nchi nzima kuanzia 1971 hadi 1997.

Atakayemaliza hatua ya tatu hataridhika tena kuuliza kipande kinakaa wapi. Atauliza pia ni nani aliyekipa jina, na kwa lugha gani.