Paka wasio na mwenyewe: tuwafanyie nini?

Mara hii sisi makapita wa internati, watu wa darasa la mwisho, tumeombwa kuandika somo. Tumechagua paka. Tunajua wengine watacheka. Mungoje kwanza, musome mpaka mwisho.

Mwanzo wa jambo

Munakumbuka mwaka jana. Mwalimu mumoja alihama, akaacha paka wake muke. Nyumba ikabaki tupu, paka akaenda nyuma ya jikoni ya shule, akazaa chini ya kuni. Kisha wengine wakatoka mujini. Mwisho tukahesabu paka 11. Usiku walipigana juu ya mabati, hakuna aliyelala. Walimuiba Mama mupishi sambaza zake. Ndipo tukaambiwa: "Makapita, muondoe hizi paka!"

Tukatwaa gunia, tukatia watoto wane ndani, tukaenda kuwatupa ngambo ya mto. Tunaandika hii na haya, kwa maana ni mikono yetu ilifunga ile kamba. Siku tatu mama yao alizunguka jikoni akilia. Nyuma ya juma sita tumbo lake lilivimba tena. Basi kazi yetu ilisaidia nini? Ndiyo sababu tulianza kuuliza na kusoma.

1. Paka ametoka wapi?

Paka wa nyumbani ni wa ukoo wa paka wa pori wa Afrika, anayeitwa na wataalamu Felis lybica. Zamani sana, katika inchi za Mashariki ya Kati, watu walianza kulima na kuweka nafaka. Panya wakafuata nafaka, paka wakafuata panya. Katika kisiwa cha Kipro wataalamu walichimbua kaburi la mutu na paka pamoja, la miaka karibu 9,500. Walitangaza habari yake katika mwaka 2004. Tuone hapa: hakuna mutu aliyemuvuta paka kwa kamba. Alikuja mwenyewe kwa ajili ya gala zetu, na mpaka leo anakuja kwa sababu hiyo tu.

2. Sababu gani wanaongezeka?

Mimba ya paka ni siku 63 mpaka 65. Mara nyingi anazaa watoto 3 mpaka 5. Paka muke anaweza kushika mimba akiwa na miezi mitano tu, na pengine mbele ya hapo. Tufanye hesabu: paka mumoja akizaa mara mbili kwa mwaka, kila mara wane, ni 8. Kama nusu ni wake, mwaka unaofuata mama ni 5, hapana mumoja tena.

Na ukimunyanganya watoto, hanyonyeshi tena, basi anatafuta dume upesi. Ukiondoa paka wote lakini chakula kinabaki inje, wengine watakuja pahali pao. Kwa hiyo dawa ni mbili: kufunga uzazi, na kufunika takataka za refekitwari.

3. Namna ya kuwasaidia

Kuna paka wa namna mbili. Wa kwanza alijua watu kisha akaachwa. Huyu anakuangalia, anakuja polepole. Anaweza kupata nyumba tena. Wa pili alizaliwa inje, hajaguswa na mutu. Akiwa mukubwa ni shida sana kumuzoeza. Afazali ahasiwe na muganga wa wanyama, arudishwe pahali pake, awinde panya.

Watoto wanazoea mutu vizuri tangu juma la pili mpaka la saba. Katika siku hizo muwashike kila siku kwa upole. Lakini musiwatoe kwa mama yao mbele ya juma la nane. Musiwape paka dawa ya watu: parasetamoli inawaua. Na sumu ya panya ni hatari pia, kwa maana paka akila panya aliyekula sumu anaweza kufa naye.

4. Tujilinde sisi wenyewe

Musikamate paka wa pori kwa mikono mitupu. Mutumie sanduku lenye chakula ndani, kisha mulifunike kwa kitambaa, atatulia. Mutu akiumwa au akikwaruzwa, aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, aende kwa muganga siku ileile, asifiche. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa unaweza kutoka kwa paka pia. Ukisha kuonekana katika mutu, karibu hakuna anayepona. Lakini chanjo ikipigwa upesi inaokoa. Mama mwenye mimba asiguse mavi ya paka.

5. Neno la uchawi

Yule mama paka alizaa tena watatu. Wawili walipata watu upesi: Mama mupishi na mulinzi wa depo. Wa tatu alikuwa mweusi, kila mutu alikataa. "Macho yake yanawaka usiku, ni mulozi." Ndugu, nyuma ya jicho la paka kuna ngozi inayorudisha mwangaza. Ngombe na mbuzi wanayo pia. Kama ni ulozi, basi mbuzi wote wa kijiji ni walozi!

Mwisho nyanya mumoja wa kijijini, aliyeliwa mahindi yake na panya, alimutwaa akisema: "Mie naogopa panya, siogopi rangi."

6. Pale tulipofika

Tulichanga franka, mama paka akafungwa uzazi mujini. Madume wawili wamehasiwa. Wane wangali wanatukimbia. Wale wane wa gunia hatuwezi kuwarudisha.

Katika vitabu 66 vya Biblia yetu jina la paka wa nyumbani halipatikani. Lakini kitabu cha Yona kinamalizika kwa ulizo la Mungu juu ya muji wa Ninawi, na wanyama wa ule muji wanatajwa ndani yake. Yeye hakuwasahau katika hesabu. Sisi tuliwasahau.

Maulizo

1. Sababu gani kutupa paka mbali hakupunguzi paka?
2. Mwenzako amekwaruzwa. Utafanya nini kwanza?
3. Anayetaka kutwaa paka anapashwa kuwa na nini nyumbani?
4. Ukipewa amri ya kutesa kiumbe, utajibu nini kwa heshima?

Ulizo la ine, sisi tulishindwa kulijibu mwaka jana. Ninyi wadogo mulijibu vizuri kutupita. Na ninyi walimu wetu, mukihama, tunawaomba: musiache paka nyuma.