Baba Mwalimu Hafanyi Makusudi

*Shangazi, baba yangu ni mwalimu mstaafu, anaishi Dongobesh. Ana ugonjwa wa Parkinson. Nimemnunulia simu mpya, namwelekeza kutuma pesa kila nikienda, hashiki. Nikimuuliza daktari kasema nini, ananyamaza. Ila majina ya wanafunzi wake wa zamani anayo yote! Mama anasema anafanya makusudi. Ndiyo anapoteza akili?*
*Binti wa Mwalimu, Katesh*

Binti yangu, mwambie mama kwamba baba hafanyi makusudi hata kidogo, na asimgombeze tena.

Parkinson haiishii kwenye mikono inayotetemeka. Inapunguza dopamini kwenye ubongo, na bila hiyo mtu hupata shida kuzoea jambo jipya kwa kulirudia tu. Mwaka 1996 watafiti Knowlton, Mangels na Squire wa Marekani waliwapa wagonjwa mchezo wa kubashiri hali ya hewa kwa kadi. Wenye Parkinson walirudia na kurudia bila kuuzoea, ilhali walikumbuka vizuri jinsi mchezo wenyewe ulivyokuwa. Basi "jaribu tena, baba" haimsaidii. Mwandikie hatua kwa herufi kubwa kwenye karatasi ngumu ikae na simu, azisome kwa sauti huku akibonyeza. Usingoje akosee ndipo umsahihishe. Mshike mkono apatie tangu mara ya kwanza. Redio izimwe, na wajukuu wasimsemeshe wakati huo.

Habari za kliniki anazo, ila kuzitoa mwenyewe ndiko kugumu. Muulize hivi: "Kasema dawa unywe kabla ya kula au baada?" Halafu nyamaza, umpe nafasi, usimmalizie sentensi. Kama nyumbani mnaongea Kiiraqw, muulize kwa Kiiraqw.

Sitakuficha: wapo ambao miaka ikienda akili nayo huyumba. Unayonieleza hayatoshi kusema baba amefika huko. Akianza kuona watu wasiokuwepo au kupotea njia anayoijua, daktari aambiwe. Akichanganyikiwa ghafla, mpeleke siku hiyo hiyo, huenda ni malaria au maambukizi ya mkojo.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni dawa. Tazama kama ana pakiti iliyoandikwa benzhexol au trihexyphenidyl. Inatuliza kutetemeka, lakini kwa mzee huweza kuvuruga kumbukumbu. Asiiache ghafla, daktari ndiye aamue. Zipo pia dawa zinazoleta kutetemeka na kukakamaa zenyewe, kama haloperidol, na metoclopramide ya kuzuia kutapika. Hili si la mbali: utafiti uliofanyika Hospitali ya Kilutheri Haydom, hapo hapo Mbulu, na kuchapishwa mwaka 2010, uliwakuta wagonjwa ambao hali yao ilitokana na dawa.

Kliniki ijayo mfuate mwenyewe. Kusanya dawa zote anazotumia, hata zile alizojinunulia duka la dawa, uzimwage mezani mbele ya daktari mzipitie moja moja.