Kwa Nini Uzi Wenye Njia Finyu Hufika Mbali

Mtu akionyeshwa nyuzi mbili za kioo, moja yenye njia pana ya mwanga na nyingine yenye njia finyu, atadhani ile pana ndiyo hupitisha data nyingi zaidi. Ni kinyume chake, na sababu yake inastahili kufuatwa taratibu.

Tuanze na kasi. Katika ombwe, mwanga huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Ndani ya kioo hushuka hadi kama 200,000. Uzi wa mawasiliano una kioo cha namna mbili: kiini, na gamba linalokizunguka, ambamo mwanga huenda kasi kidogo zaidi. Mwanga uliomo kwenye kiini ukiuparaza mpaka wa gamba, hauwezi kuvuka. Hurudi wote ndani. Kioo cha kujitazamia hufyonza sehemu ya mwanga kila unapokigonga. Mpaka huu, ukiwa safi, haufyonzi kitu, nao mwanga hurudi na kurudi bila kupungukiwa.

Sasa chukua kiini cha mikromita 50. Mwale mmoja hupita katikati, mwingine huenda ukigonga huku na huku, na safari yake huwa ndefu. Ikiwa kasi za kiini na gamba zinatofautiana kwa asilimia 1 tu, mwale wa mwisho huchelewa kama nanosekunde 50 kila kilomita. Tuma mimweko milioni 20 kwa sekunde, na kila mmoja utaanza kuufunika unaoufuata.

Dawa mojawapo ni ya werevu unaonifurahisha kila niufikiriapo: kiini hutengenezwa ili kasi iongezeke kidogo kidogo kutoka katikati kwenda pembeni. Mwale unaozunguka sana hukimbia zaidi, na yote hufika karibu pamoja. Nyuzi hizi zinafaa ndani ya majengo.

Kwa masafa marefu, kiini hupunguzwa hadi mikromita 9 hivi. Hapa tuache kuwaza miale, tuwaze mawimbi: kwa wimbi la mikromita 1.55, nafasi iliyobaki ni ya umbo moja tu. Pasipo njia ya pili, hakuna wa kuchelewa njiani. Nyuzi za aina hii ndizo zilizomo katika mkongo wa baharini wa TEAMS, uliofika Mombasa kutoka Fujairah mwaka 2009.

Hata hivyo kioo chenyewe hula mwanga: kila kilomita 15 hivi, nusu hupotea. Ndiyo maana chini ya bahari, kila baada ya makumi ya kilomita, kuna kikuza mwanga kinachopata umeme kupitia mkongo huohuo.