Ukiona Vyaelea: Mwongozo wa Kukagua Chombo Kipya Kabla ya Kukinunua, Kaunti ya Lamu

Kijitabu hiki ni cha nani?

Ni cha mvuvi wa Kizingitini anayetaka kuacha kukodi chombo cha mtu. Ni cha kikundi cha akina mama wa Faza kinachochangishana kupata boti ya kubebea bidhaa, cha mwenye nyumba ya wageni Shela, na cha shule inayovusha watoto. Kwetu visiwani chombo ndicho matatu, ndicho lori, na mjamzito akishikwa na uchungu usiku wa manane, ndicho ambulensi. Gari likizimika njiani utashuka ulisukume. Chombo kikipasuka nje ya mlango wa Shela wakati wa kusi, huna pa kushukia.

Wazee wamesema: ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Wengi wetu huitaja methali hii kumsifu fundi. Mnunuzi aichukue kama swali: vimeundwaje?

Jambo moja la kushika

Chombo hufia maungioni. Mtepe, chombo cha kale cha pwani hii, ulishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, na kamba zikichoka ilibidi ushonwe upya. Katika jahazi na mashua, kinachotangulia kuharibika ni msumari na pamba iliyo kati ya mbao. Boti ya faiba nayo huanza kuchoka pale ubavu unapokutana na shetri, au pale boliti inapopita.

Hata Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa kwa plastiki iliyotupwa, lilitegemea maungio. Mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda walilishua mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Malighafi ilikuwa ngeni, lakini mkuku, mataruma na mbao viliungana kwa ufundi ule ule wa mababu.

Sasa, maungio ndiyo hasa yanayofichwa na rangi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kijitabu hiki ni hii: kagua kabla ya rangi. Ukikutana na chombo kipya kilichokwisha kupakwa na kupambwa, anayekuuzia amekuonyesha nguo, hajakuonyesha mwili.

Chombo cha mbao

Nenda Matondoni, au kokote kinakoundwa, zaidi ya mara moja. Nenda mkuku ukilazwa, nenda mataruma yakisimamishwa, nenda mbao zikifungwa. Fundi anayejiamini hachukii kutembelewa.

*Mti.* Uliza: "Fundi, mti huu ni wa wapi, na ulikatwa lini?" Mbao mbichi zikikauka hujikunja na kuacha nyufa. Tazama pia rangi ya mbao. Sehemu ya ndani ya gogo, ile iliyokoza rangi, ndiyo ngumu. Sehemu ya nje, nyeupe na laini, huoza mapema na huliwa na wadudu upesi. Mbambakofi mzuri wenye ukingo mweupe hapa na pale si mbambakofi mzuri tena.

*Mataruma.* Haya ndiyo mbavu za chombo. Taruma jema hutoka kwenye tawi lililojipinda lenyewe, likachongwa kwa tezo kufuata mpindo wake. Fuata nyuzi za mti kwa kidole: zikizunguka pamoja na mpindo, taruma lina nguvu. Zikikatika katikati ya mpindo, fundi amechonga mpindo kutoka kwenye mti ulionyooka, na hapo ndipo litakapovunjika siku chombo kitakapolala ubavu juu ya mwamba maji yakipwa.

Mataruma mengi ya Lamu ni ya mikoko, nayo haikatwi bila idhini ya Huduma ya Misitu ya Kenya. Uliza karatasi. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na misitu hiyo ndiyo mazalio ya samaki utakaowavua kwa chombo chako.

*Misumari.* Omba kuona msumari ambao haujapigwa. Uwe umepakwa zinki. Msumari mtupu wa chuma hushika kutu katika maji ya chumvi, kutu huozesha mbao iliyouzunguka, na tundu hupanuka. Tazama kama fundi hutoboa kwa keekee kabla ya kupigilia. Msumari uliopigwa bila tundu huupasua ubao. Kisha tazama kichwa cha msumari: fundi makini huuzungushia pamba yenye mafuta shingoni ili maji yasipate njia.

*Kalafati.* Pamba iliyotiwa mafuta hushindiliwa kati ya ubao na ubao kwa patasi butu. Pita na kijiti chembamba kila mahali. Kikizama bila kizuizi, pamba imewekwa juu juu. Na pengo lipitalo unene wa kidole halitibiwi kwa pamba. Ubao haukukaa mahali pake.

Boti ya faiba

Faiba haiozi wala hailiwi na wadudu, na ndiyo maana imeenea. Lakini hukaguliwa kwa ugumu zaidi, maana makosa yake yamo ndani ya ganda.

1. *Gonga.* Chukua sarafu ugonge ubavu wote, kiganja kwa kiganja. Sauti kavu na ya wazi ni njema. Ikigeuka ghafla kuwa butu, kuna hewa kati ya tabaka, au tabaka zimeachana.
2. *Shika na unuse ndani.* Ganda likinata mkononi au likinuka dawa kwa ukali wiki kadhaa baada ya kutengenezwa, gundi yake haikukauka sawasawa. Mabaka meupe yenye nyuzi kavu ni dalili kwamba gundi ilipunjwa.
3. *Omba kipande.* Mtengenezaji anapotoboa tundu la kutolea maji, kile kipande cha duara hubaki. Kikuonyeshe unene halisi wa ganda. Kauli ya muuzaji hupimwa kwa kipande hicho.
4. *Kagua shetri.* Injini yote huning'inia hapo. Ndani ya shetri nyingi mna mbao iliyofunikwa. Kila tundu la boliti lisipozibwa vizuri, maji huingia, mbao huoza, na siku moja injini hung'oka. Simama nyuma, shika injini uitikise: shetri isichezecheze.
5. *Tazama boliti kwa ndani.* Pete za kufungia kamba na nanga ziwe na bamba la chuma au mbao nyuma yake. Skrubu iliyoshikilia faiba pekee itatoka na kipande cha boti.
6. *Uliza kuhusu kuelea.* Boti iwe na vyumba vilivyozibwa au povu gumu, ili hata ikijaa maji isizame. Jaribio lake si la maneno: ijazwe maji karibu na ufuo, penye kina cha kutosha, mwone kama inaelea.

Majaribio ya majini

Chombo kipya cha mbao kikishuliwa huvuja. Usishtuke, mbao hunywa maji, huvimba, na kujibana zenyewe. Kiache majini siku kadhaa, upime kila asubuhi ni ndoo ngapi zinatolewa ngamani. Hesabu ikipungua siku hadi siku, kalafati imeshika. Ikibaki pale pale au ikiongezeka, mwite fundi kabla hujamwita mtu wa rangi.

Usijaribu chombo mbele ya gati la mji wa Lamu pekee. Maji ya pale yamekingwa na Manda, na mkondo wa Mkanda umetulia zaidi. Chukua mifuko ya mchanga yenye uzito wa watu na mizigo utakayobeba, mtoke na nahodha mzoefu mahali penye mawimbi, siku ya upepo wa wastani, kila mtu akiwa na jaketi okozi. Mkirudi, fungua mbao za sakafu, utazame ndani kwa tochi. Ufa mwembamba ambao asubuhi haukuwapo ni habari kubwa.

Malipo na karatasi

Usilipe zote mwanzoni. Pangeni na fundi, kwa maandishi na mbele ya mashahidi, malipo ya hatua: mkuku ukilazwa, mataruma yakisimama, mbao zikifungwa, na fungu la mwisho baada ya chombo kukaa majini. Maandishi yataje aina ya mti, aina ya misumari, unene wa mbao au wa ganda, idadi ya watu na nguvu ya injini. Kama uko katika Kikundi cha Usimamizi wa Fuo (BMU), waombe wazee wake wawe mashahidi.

Mamlaka ya Bahari ya Kenya (KMA) ndiyo inayokagua na kutoa leseni kwa vyombo vidogo. Ipate leseni hiyo kabla ya kubeba abiria. Lakini elewa: mkaguzi huja chombo kikiwa kimekwisha. Hakuona msumari ukipigwa. Wewe unaweza kuuona.

Baada ya kununua

Mbao zina adui asiyeonekana: kiumbe wa baharini wa jamii ya chaza, mwenye umbo la mnyoo, anayeingia kwa tundu dogo kama la sindano kisha akala ubao kwa ndani huku juu ukiwa mzima. Dawa ya wazee ingali ndiyo dawa: chombo kipandishwe mara kwa mara wakati wa bamvua, kitako kichomwe kwa moto wa makuti, kisha kipakwe deheni ya shahamu na chokaa. Fundi akikuahidi kwamba mbao zake hazihitaji hayo, tafuta fundi mwingine.

Usitoe pesa ya mwisho kama jibu lolote hapa ni "hapana"

- Nimekiona kabla ya rangi?
- Kikiwa cha mbao: nyuzi za mataruma zafuata mpindo?
- Kikiwa cha mbao: misumari ina zinki, na tundu zilitobolewa kwanza?
- Kikiwa cha faiba: kimegongwa kote, na kipande chake nimekishika?
- Kimekaa majini na, kikiwa cha mbao, ndoo za maji zimepungua?
- Kimetoka nje na mzigo, kikarudi bila ufa?
- Mapatano yameandikwa, na KMA wamekikagua?

Siku ya kushua kutakuwa na dua, ubani na watu wengi wa kuvuta kamba, na hakuna atakayethubutu kusema neno baya juu ya chombo. Basi maneno yako yaseme mapema, chombo kikiwa bado mifupa mitupu mchangani, na fundi akiwa bado ana tezo mkononi.