SOMO KWA MAKATIBU: BAHATI NASIBU YA CHAMA NA MWENYE MAMLAKA YA KUTOA LESENI

Mavuno ya alizeti na ufuta yanapokwisha katika wilaya za Kongwa, Chemba na Bahi, vyama hukumbuka majengo yasiyokwisha: ghala lisiloezekwa, zahanati iliyosimama kwenye linta. Aghalabu hapo ndipo mjumbe mmoja wa bodi hupendekeza bahati nasibu: dume mmoja wa ng'ombe awe zawadi, tiketi elfu moja ziuzwe, na mshindi atangazwe siku ya mkutano mkuu. Wazo hupigiwa makofi. Katibu hutumwa na barua kwa mtendaji wa kata, na ikisha kugongwa muhuri kila mtu huamini kwamba ruhusa imepatikana.

Ruhusa haijapatikana. Muhuri wa ofisi una uzito mkubwa vijijini, pengine kuipita sheria yenyewe, lakini hauwezi kutoa kile ambacho mwenye muhuri hanacho. Tangu Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, leseni za michezo hiyo, bahati nasibu zikiwemo, hutolewa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Sheria hiyo ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 1967 na ile ya Bahati Nasibu ya Taifa ya mwaka 1974. Halmashauri hutunga sheria ndogo, lakini sheria ndogo haiwezi kupingana na sheria ya Bunge. Barua ya kata yaweza kuruhusu watu kukusanyika uwanjani. Haiwezi kuhalalisha droo.

Wengine hujitetea kwamba fedha ni za zahanati. Nia njema haibadili asili ya jambo. Mtu akilipa ili apate nafasi, nafasi hiyo ikitegemea bahati, na mwishoni pakawa na zawadi, hiyo ni bahati nasibu, hata ikiitwa mchango. Harambee si hivyo, kwa kuwa mchangiaji hangojei zawadi. Mnada nao si hivyo, kwa kuwa anayetaja bei kubwa ndiye anayechukua mali.

Ziko nchi zilizoikabidhi serikali ya mitaa kazi hii. Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, iliweka michezo ya kamari miongoni mwa shughuli za kaunti. Huko Uingereza, chini ya sheria ya mwaka 2005, chama kidogo cha hisani hujiandikisha kwa halmashauri ya mahali pake. Tiketi za droo moja hazipaswi kuzidi pauni 20,000, na angalau asilimia 20 ya mapato lazima iende kwenye lengo lililotangazwa. Ndani ya miezi 3 baada ya droo chama hupeleka hesabu zenye sahihi za wanachama wawili. Utaratibu huo wa sahihi mbili unafaa kuigwa, ijapokuwa leseni yetu hutoka kwingine.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo vyama huumia. Tuseme dume amenunuliwa kwa shilingi 900,000, na uchapaji umegharimu 80,000. Tiketi 1,000 za shilingi 2,000 zingeleta 2,000,000, na ndiyo tarakimu inayosomwa mkutanoni. Lakini zikiuzwa 460 tu, mapato ni 920,000 na gharama ni 980,000. Mshindi ataondoka na dume wake. Chama kitabaki na pengo la shilingi 60,000, na zahanati haikupata hata bati moja. Pengo hilo hulipwa na nani? Mara nyingi na fedha za mazao, ambazo ni za mkulima asiyenunua tiketi yoyote.

Lililo baya zaidi ni kumkata mwanachama bei ya tiketi katika malipo yake ya ufuta bila idhini yake. Hilo si bahati nasibu tena, ni makato yasiyo halali, na mkaguzi akiyakuta katibu ndiye atakayetakiwa kuyajibu.

Kwa hiyo, kabla ya kuchapa tiketi, mkutano mkuu uamue na uamuzi uandikwe katika muhtasari, ukitaja kikomo cha gharama. Kisha Bodi iandikiwe na jibu lake lingojewe. Tiketi zipewe namba mfululizo, vishina vitunzwe pamoja na stakabadhi, na zisizouzwa zihesabiwe mbele ya mashahidi kabla ya droo. Wanafunzi wasipewe tiketi kuuza wala kununua, kwani sheria inawakataza walio chini ya miaka 18 kushiriki michezo hii.