Dondoo muhimu: Waini nzuri kwa bei nafuu

Kabla ya kuuliza bei, tazama chupa imekaa wapi. Iliyosimama dirishani wiki nyingi ikipigwa jua imeshaharibika, hata kama ilikuwa ya thamani. Omba ya ndani, penye kivuli. Kisha ichunguze mdomoni: kizibo kikiwa kimejitokeza, au ukiona mchirizi mkavu wa waini shingoni, hiyo imepata joto kali. Irudishe rafuni.

Kifuniko cha kuzungusha si dalili ya waini duni, na chupa nzito si dalili ya waini bora. Uzito huo unaulipia wewe.

Nyeupe ya bei ya chini hainunuliwi ili iwekwe akiba, kwa hiyo chagua yenye mwaka wa karibuni. Mimi hukimbilia Chenin Blanc ya Afrika Kusini. Ndiyo zabibu inayolimwa zaidi huko, hivyo nzuri hupatikana bila kuvunja kibubu.

Ukiwa Tanzania, usiipite ya Dodoma. Huko zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na chupa haikubebeshwa gharama za meli. Soma lebo kwa makini, maana kavu na tamu hukaa rafu moja, na tamu kwenye nyama choma hainogi.

Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, hata nyekundu iweke kwenye friji dakika 20 kabla ya kuimimina. Ikibaki, ifunge, irudishe humo humo na uimalize ndani ya siku 3.