MALI BILA DAFTARI: JINSI YA KUTAFUTA REKODI ZA SERIKALI

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Serikali nayo ina daftari zake: za ardhi, za vizazi na vifo, za bajeti na za kandarasi. Wengi wetu hudhani daftari hizo ni za wakubwa tu. La, hasha! Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 nayo inaeleza njia ya kufuata.

Kwanza kabisa, ujue mlango wa kubisha. Ukikosea mlango utazungushwa mpaka soli za viatu ziishe. Tangu 2013 tuna serikali ya kitaifa na serikali za kaunti 47. Vyeti vya kuzaliwa na vya kifo ni kazi ya serikali ya kitaifa. Msajili wa ardhi, ambaye daftari lake huonyesha shamba ni la nani na kama lina deni la benki, pia ni wa kitaifa. Watu humwendea gavana kuulizia hatimiliki, kumbe kwake ni kodi ya viwanja! Kaunti ndiyo yenye rekodi za zahanati, shule za chekechea, masoko, maji na barabara za kaunti.

Pili, andika barua. Hapa pana jambo la kutufurahisha sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili: sheria inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili. Mwaka jana kina mama wa kijiji chetu walitaka kujua fedha za kisima zilikwenda wapi. Walipofika ofisini waliambiwa ati warudi na barua ya Kiingereza. Walirudi nyumbani kimya, na mpaka leo wasichana hubeba mitungi kutoka mtoni kabla ya kwenda shule. Laiti wangalijua! Hata asiyejua kuandika, afisa anapaswa kumsikiliza na kumwandikia ombi lake.

Barua yenyewe isiwe ndefu. Taja unachotaka, mahali na mwaka. Kwa mfano:

"Ninaomba nakala ya kandarasi ya kuchimba kisima katika wodi yetu, mwaka wa fedha 2022/2023, pamoja na rekodi ya malipo yaliyofanywa."

Ukiandika tu "nataka habari za maji", utapewa hadithi. Weka nakala yako, nayo ipigwe muhuri wa tarehe.

Tatu, zijue siku zako. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikiwa uhai au uhuru wa mtu umo hatarini, ni saa 48. Ikiwa habari ni nyingi, muda waweza kuongezwa mara moja, usizidi siku 14. Kuomba hakulipiwi, utalipa gharama ya kutoa nakala tu. Basi ukiombwa "chai", uliza risiti! Tena, haki yako haitegemei sababu uliyo nayo, hata afisa akiishuku.

Hata hivyo, si kila kitu hutolewa. Mambo ya usalama wa taifa na siri za mtu binafsi, kama vile matibabu yake, yanaweza kuzuiwa.

Nne, ukinyimwa usikate tamaa. Una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman. Nayo haidai wakili.

Wanachama wenzangu, insha tunazoandika darasani zisiishie kwenye kabati la mwalimu. Wale kina mama wanahitaji barua moja tu ya Kiswahili sanifu. Likizo ijayo, nani ataandamana nami tukaiandike? Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.